Sifa za Ubao wa Malewa

Ziwa Kivu limesifiwa hadi limechoka. Bia imepata waimbaji wake, mbuzi wana methali zao. Ubao wa malewa bado unasubiri mtu wa kuusifu, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyejitokeza, kazi nimeichukua mimi.

Nausema ule ubao unaoegemea mlango wa kila malewa, yaani kibanda cha mama muuza chakula, hapa Kalehe: kipande cha mbao kilichopakwa unga mweusi wa mabetri ya redio yaliyokufa, pembe moja imeliwa na mchwa, juu yake chaki: BUGALI. SOMBE. SAMBAZA. KUKU IKO.

Ulinganishe na tovuti za hoteli kubwa za mjini Bukavu. Unashika simu na njaa yako. Kigurudumu kinazunguka, megabaiti zinayeyuka, kisha linatokea jua likizama ziwani, halafu bwana mwenye kofia ndefu nyeupe, halafu unaulizwa kama unakubali vidakuzi, wewe uliyekuja kutafuta maharagwe. Bei zimefungiwa ndani ya faili ya PDF ambayo lazima uivute kwa vidole viwili ndipo isomeke. Ubao wetu unasomeka kutoka ndani ya basi linalopita barabara ya RN2, na dereva hata hajapunguza mwendo. Tim Berners-Lee alipotoa ukurasa wa kwanza wa wavuti mwaka 1991, ulikuwa maandishi matupu, hauna picha wala muziki. Yaani mafundi wa dunia walianza vizuri kabisa, kwa ubao wa malewa, wakaja kupotelea mbele.

Mwenye jicho anajua pia kwamba mbao hazilingani. Huku Ihusi, karibu na maji, herufi ni nene na zimelala upande, kama abiria walioshuka sasa hivi kwenye pirogi. Nyabibwe, wanakoshukia wachimbaji wa kasiterite wa mgodi wa Kalimbi, bei inatangulia na chakula kinafuata, kwa sababu mchimbaji anahesabu mfukoni kabla ya kuhesabu sahani. Minova wapo waliopata rangi ya bure kutoka kampuni ya simu: ukuta mzima unang'aa, jina la kampuni limejaa toka paa hadi chini, na neno MAHARAGWE limejibana karibu na bomba la maji machafu. Huo mtindo siupendi. Unanukia tovuti.

Wapinzani watasema ubao unadanganya. Mimi nasema una imani. Sambaza, samaki mdogo aliyeletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, huvuliwa usiku kwa taa, na wavuvi hufunga pirogi tatu pamoja. Mwezi ukiwa mpevu, taa hazimvuti tena, na nyavu hurudi karibu tupu. Ubao haujali mwezi. Asubuhi yake unasema palepale: SAMBAZA. Ni waziri gani anayeshikilia neno lake hivyo?

Na kuku je? Nimesikia mteja akilalamika:

"Mama, ubao unasema kuku iko."

"Ile ni ya jana, papa. Ikaa, nikupe sombe."

Akakaa, akala sombe, akaomba bugali ya kuongeza. Tovuti ikikudanganya unabaki na hasira na simu isiyo na moto. Ubao ukikudanganya, mwenye ubao yuko mbele yako na mwiko mkononi, na sufuria inachemka.

Tena hakuna kinachosahihishwa upesi kama ubao. Mwaka 2024 dola moja ilizunguka kwenye franga 2,800, na ikitikisika kidogo tu, mtoto wa mama anatema mate kwenye kidole, anafuta sifuri, anaandika nyingine yenye thamani zaidi. Bila fundi, bila neno la siri. Mvua za hapa nazo hufanya kazi ya usafi: zinasomba orodha nzima, na kesho chakula kinaanza na jina jipya na makosa mapya ya herufi.

Mstari mmoja tu haufutiki, kwa sababu ndio pekee ulioandikwa kwa rangi ya mafuta, chini kabisa, kwa mkono wa mama mwenyewe: KREDI ALIKUFA. Mvua zote za Kivu hazijamfufua.