Pumua, Karani, Mizani Inakungoja

Aliyepanga Siku ya Afya ya Akili Duniani iwe tarehe 10 Oktoba hajawahi kuwa karani wa chama cha msingi huku Mbesa. Oktoba ndiyo korosho zinaanza kushuka ghalani, na kila gunia linakuja na mwenyewe, na kila mwenyewe anakuja na neno lake.

Mwaka 2024 kaulimbiu ya siku hiyo ilihusu afya ya akili kazini, basi na sisi tukaletewa semina. Mwezeshaji alisimamisha bango kitita katikati ya magunia, akatufundisha kuvuta pumzi huku tukihesabu mpaka nne. Kwa vumbi la ghala letu, mpaka nne ni kikohozi. Akasema Shirika la Afya Duniani linakadiria siku bilioni 12 za kazi hupotea kila mwaka kwa sababu ya sonona na wasiwasi. Bosi wangu akanigeukia mbele ya watu: "Nusu yake zako."

Mada iliyofuata ilikuwa lugha nzuri kwa mteja. Hapo nilitamani mwezeshaji abaki mpaka kesho yake amwone bibi mmoja wa hapa kijijini. Alifika gunia lake limefungwa nyuma ya bodaboda, mkaguzi akachota konzi, akapasua korosho chache kwa kisu, akatikisa kichwa: daraja la pili. Foleni ikanyamaza, maana kwa daraja la pili watu hushikana mashati. Bibi akaegemea mizani, akanitazama mimi nisiye na kosa.

"Mume wangu, mke mkubwa umempa la kwanza, mimi la pili?"

"Shikamoo, mke wangu. Mke mkubwa anakausha. Wewe unaanika mvua ikiwa inanyesha."

Watu wakaangua kicheko, bibi akakaa chini ya mwembe kuchambua upya, akipumzika kunitukana ili anywe maji tu. Nashangaa utani huu haumo kwenye bango kitita, na posho yake hailipwi.

Shida yangu si wakulima, ni simu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 12 mfululizo kila siku. Bosi naye saa 5 usiku ananiandikia: "Karani, gunia za leo ngapi?" Nikinyamaza, zile alama mbili za bluu zinanisemea kwamba nimesoma. Na bibi ningemjibu, lakini bosi simtanii. Nikijaribu nitahesabu gunia za kwetu nyumbani.

Ukisema kichwa kimechoka, hapa watakupeleka hospitali ya akili ya Mirembe kwa mdomo, bila nauli ya Dodoma. Malaria utapewa pole na uji. Akili ikiumwa utaulizwa umemkosea nani, au umeanza lini kuvuta. Ndiyo maana kwenye semina, tulipoulizwa nani ana msongo, tulitazamana kama wanafunzi walioulizwa nani kavunja dirisha. Mlinzi peke yake ndiye aliyenyoosha mkono, kumbe anaulizia soda.

Sheria hiyohiyo inanipa siku 28 za likizo kwa mwaka. Nimeandika barua, imerudi na wino mwekundu: "Subiri msimu uishe." Korosho zikiisha unaingia ufuta. Ufuta ukiisha, mbaazi. Mbaazi zikiisha, mikorosho imeshatoa maua.