Mawese Kichwani

Mawese yana tabia moja ambayo kila mpishi wa Kigoma anaijua: asubuhi ya baridi huganda kama samli, jua likipanda yanarudi kuwa maji. Kwenye sufuria ya maharage tabia hiyo haina madhara. Kwenye kichwa cha kijana wa kidato cha pili aliyevaa shati jeupe la shule, utakiona cha mtema kuni.

Ilikuwa mwaka 1985, na mwenye kosa, ukiniacha mimi, ni Michael Jackson. Thriller ilitoka mwishoni mwa 1982, lakini kwetu nyanda za juu mambo yalikuja na lori la mizigo, tena lori lenyewe likikwama Makere siku mbili. Tulipopata kumwona mtu mwenyewe, tulimwona kwenye ukurasa wa gazeti la kigeni uliokuwa umefungiwa karanga: nywele zimejisokota, zinameremeta kama katoka kunyeshewa. Dar es Salaam vijana walikuwa na dawa ya kalikiti. Kibondo, nilikokuwa nasoma, duka la karibu lilikuwa na chumvi, viberiti na muuzaji. Nchi ndiyo kwanza ilikuwa inatoka kwenye miaka ya foleni na ya kuwasaka wahujumu uchumi, miaka ambayo watu walifulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni. Ila mawese yalikuwepo. Kigoma unaweza kukosa vyote ukabaki na mawese.

Siku ya kufunga shule, mwezi wa sita, niliamka saa kumi na moja alfajiri nikajipaka vijiko viwili vilivyojaa. Baridi ya Kibondo ikafanya kazi yake. Yaliganda, nywele zikashikamana, zikang'aa, na kwa muda wa saa tatu hivi niliwatazama wenzangu mstarini kwa huruma. Saa nne, mgeni rasmi akiwa ameshika karatasi ya tatu kati ya nane, nikasikia kitu cha uvuguvugu kikitambaa nyuma ya sikio. Kufikia karatasi ya sita mabega yangu yalikuwa yamevaa vyeo vya rangi ya chungwa, kama afisa wa jeshi la nchi isiyojulikana. Nzi walikuja. Jirani yangu alivumilia, akavumilia, mwishowe akaninong'oneza bila kugeuza shingo: "Kaka, samahani, leo unanukia maharage."

Ningekuwa na akili ningeenda kisimani. Lakini mchana kulikuwa na shindano la kucheza.

Hapa vijana wa leo wanielewe. Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Sisi tulingoja mpaka 1994 ndipo ITV ikaja, na hata hapo ilichukua muda kupanda milima ya Kasulu. Ile hatua ya Michael ya kuteleza kinyumenyume, ambayo Wamarekani waliiona kwenye televisheni zao Mei 1983, mimi nilijifunza kwa kusimuliwa. Mwenzetu mmoja alikuwa na kaka yake Dar aliyeiona kwenye kibanda cha video, akamwandikia barua. Barua ilisema: anakwenda mbele lakini anarudi nyuma. Basi. Juu ya sentensi hiyo moja bweni letu liligawanyika madhehebu mawili. Wapo walioamini kuwa miguu inakwenda mbele na kiwiliwili kinarudi. Mimi nilikuwa upande wa walioamini kuwa unarudi nyuma kawaida, ila usoni unaonyesha kuwa unakwenda mbele.

Nikapanda jukwaani na soksi moja nyeupe mkononi badala ya glavu, kichwa kinatiririka, uso umejaa nia ya kwenda mbele. Nilirudi nyuma vizuri sana. Nilirudi kama lori, bila wa kuniambia "njoo, njoo, simama," mpaka meza ya wageni. Chupa tisa za soda, zilizotafutwa kwa wiki mbili, zikaenda chini. Mwalimu wa zamu alinipa likizo yote ya kufikiria, na kilichobaki tulikimaliza Julai shule ilipofunguliwa.

Ukichunguza, muziki wangu wote wa miaka ile ulinifikia hivyohivyo, na viungo vimepungua: sauti bila picha, au picha bila sauti, au vyote bila maana. Kilichokosekana tulijitengenezea wenyewe. Nilikuwa na daftari la nyimbo za Kizungu, kurasa mia na ishirini na nane, maneno yameandikwa kwa kusikia. Lilisifika. Watu waliazima kwa kipande cha sabuni, wakanakili. Leo najua kwamba nusu ya maneno yale hayamo katika lugha yoyote ya binadamu, na kwamba kuna watu wazima wenye heshima zao, wengine wakuu wa idara, ambao harusini wanaimba makosa yangu kwa sauti kubwa wakifumba macho.

Boney M ndio walionipa sauti. Nyimbo zao za miaka ya 1970 zilitufikia katikati ya miaka ya 1980, bado mbichi kwetu. Lile dume lao, Bobby Farrell, niliiga sauti yake nzito mpaka koo likawasha. Jioni nilikuwa nazungumza na kila mtu kwa besi, hata nikiomba chumvi. Miaka mingi baadaye nikaja kusoma kwamba sauti ile si yake. Aliyeimba studio ni mtayarishaji wao Mjerumani, Frank Farian. Farrell alikuwa anacheza na kufumbua mdomo. Yaani mimi Kibondo nilimwiga mtu aliyekuwa naye anamwiga mtu. Sikujua nicheke au nidai fidia ya koo.

La aibu zaidi ni hili. Wakati huohuo Redio Tanzania ilikuwa inatupigia Mlimani Park, wana Sikinde, Juwata, Maquis, Marijani Rajabu, Remmy Ongala na Super Matimila yake. Cosmas Chidumule alikuwa anaimba "Neema" mpaka jiko linasahaulika na ugali unaungua. Nami hadharani nilisema huo ni muziki wa wazee. Kosa la Sikinde lilikuwa moja tu: nilielewa wanachosema. Bwenini kwetu heshima ya wimbo ilipanda kadiri maneno yake yalivyokuwa giza. Kiswahili kilikuwa chini kabisa, Kiingereza juu yake, na kileleni Lingala, ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeijua lakini wote tuliifafanua. Usiku, taa ikizimwa, nilikuwa naimba "Neema" ndani ya blanketi kwa siri, kama mtu anayekula nyama Kwaresima.

Likizo nilirudi Kasulu, kwenye redio ya baba. Baba alikwenda Tanga kukata mkonge, akarudi na vitu viwili: kikohozi na redio. Kikohozi kilikuwa cha wote, redio ilikuwa yake. Ilikuwa na kazi mbili, taarifa ya habari ya saa mbili usiku na matangazo ya vifo, na betri zake zilihesabiwa, zilianikwa juu ya bati mchana zipate nguvu kidogo. Mimi nilikuwa na Bujumbura. Redio ya Burundi ilisikika kwetu safi kuliko ya Dar, ikipiga muziki wa Zaire mchana kutwa, na ngao yangu alikuwa bibi. Bibi alijua Kiswahili cha salamu na bei tu. Lakini Kirundi na Kiha ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo Bujumbura kwake ilikuwa kama jirani anayepiga soga uani. Akiulizwa nani kawasha redio, jibu lilikuwa tayari: bibi anasikiliza habari.

Jioni moja mtangazaji wa Dar akasoma: tangazo hili liwafikie ndugu walioko Kasulu, mkoani Kigoma, kwamba mpendwa wao... Redio ikakata roho. Baba akaipiga kofi, akatoa betri, akaziuma, akazirudisha. Kimya. Majirani wakaanza kuja. Hatukujua aliyefariki ni nani, lakini huwezi kukaa kimya watu wamekuja, basi mama akaanza kulia kidogo, kilio cha tahadhari, cha kuweza kuongezwa au kupunguzwa kutegemea habari. Usiku kucha tulimlilia mtu asiye na jina. Alfajiri akaja mwenye redio nzima: marehemu alikuwa mzee wa kijiji cha mbali ambaye hatukuwahi hata kuonja naye ugali. Baba akageuka kumtazama mama yake. Bibi, Mungu amrehemu, akasema kwa Kiha, taratibu, kwamba habari za huyu mjukuu wake zina magitaa mengi.

Nilikatazwa redio. Ndiyo sababu niliamua kuuhifadhi muziki, na ndiyo sababu ya Mario.

"Mario" ya Franco na TPOK Jazz ilitoka 1985. Baba mdogo alikuwa na redio kaseti iliyovuka mpaka wa Manyovu kwa njia ambazo sitazieleza. Upande wa redio ulikuwa umekufa, lakini wa kaseti ulirekodi. Nikavizia baba yuko shambani, nikaziweka redio mbili zikitazamana kama watu wanaoposana. Kanda mpya sikuwa nayo. Mama alikuwa nayo moja, ya kwaya yao. Vile vitundu vya juu nikaviziba kwa karatasi iliyotafunwa, nikaziruka nyimbo mbili za mwanzo kwa heshima ya dini, nikabonyeza.

Wiki mbili baadaye akina mama wa kanisani walikutania kwetu. Wakasalimiana kwa urefu wa Kiha, mwakeye na makofi, wakanywa chai, mama akaagiza kanda. Nyimbo mbili zikapita vizuri. Ya tatu yakaingia magitaa.

Cha ajabu, hakuna aliyeshtuka. Wakatikisa vichwa. Mmoja akasema kwaya ya wapi hiyo, wanapiga vizuri. Muziki ule ni mrefu, zaidi ya dakika kumi, na Franco anaongea ndani yake kama mhubiri, anashauri, anasikitika. Tungeokoka. Lakini kulikuwa na mama mmoja aliyewahi kuolewa Kalemie, ng'ambo ya ziwa, na Lingala aliijua. Nilimwona akiweka kikombe chini. Akaulizwa mhubiri anasemaje. Akasita, kisha akatafsiri kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya msiba: hapa kuna mwanamke mwenye mali, analalamikia kijana mdogo aliyemweka ndani, kijana ana vyeti vyake vya shule lakini hataki kazi, anakula, analala, anavaa, kila kitu cha mwanamke.

Kimya. Katika kimya hicho, kutoka ndani ya kanda, juu ya magitaa ya Kinshasa, ikatoka sauti ya mama yangu mwenyewe, kali na safi: "We mtoto! Maji yamekwisha humu ndani, uko wapi?"

Yaliyofuata yalikuwa ya kifamilia. Itoshe kusema kwamba baadaye Waswahili walilichukua jina la kijana yule wakalifanya neno, marioo, mwanamume wa kulelewa; na kwamba Kasulu, kwenye mzunguko wa akina mama wale, wa kwanza kuitwa hivyo nilikuwa mimi, nikiwa na miaka kumi na sita na sina cheti hata kimoja.

Desemba 2010 walikufa Remmy na Bobby Farrell, mwezi mmoja. Wa kwanza nilimwonea haya, wa pili nilijisifia. Kwa Remmy nililia, kilio cha kweli, si cha tahadhari. Siku hizi Kigoma ndiyo inayotamba: mwaka 2012 wasanii wenye asili ya huko walikusanyika wakatoa "Leka Dutigite", jina la Kiha kabisa, na nchi nzima ikalitamka bila kuelewa, kama sisi na Lingala.

Mwaka jana nilipanda Kasulu, safari hii juu ya lami. Mama macho yamepungua, masikio yapo. Tulikuwa tunachambua maharage akaniuliza, ghafla, kama ile kanda ipo. Nikasema ya kwaya? Akasema hapana, ya yule kijana. Siku ile tuliizima hajamaliza. Nikaitafuta kwenye simu, nikaiweka juu ya ungo. Akasikiliza yote, akichambua polepole, mguu mmoja ukigonga mkeka. Mahali fulani Franco akaanza kuongea.

"Hapo anasemaje?" akauliza.

Mpaka leo sijui Lingala. Nikakohoa, nikashusha sauti ikawa besi, nikamfafanulia mama kila neno.