Barua kutoka Mugunga: Tuko Ensemble

Shangazi mpendwa na wote wa Ujiji,

Mimi mzima, na Mugunga ipo palepale juu ya mawe yake meusi ya volkano, njia ya kwenda Sake.

Mnajua nilivyowakimbia vijana wenu na "kiukweli" zao. Muuza vitumbua, saa kumi na mbili asubuhi, alikuwa keshafika "mwisho wa siku". Basi nimeruka majivu nikakanyaga moto, na kwa jirani wa volkano ya Nyiragongo usemi huo si wa mzaha.

Huku wana "tuko ensemble", yaani tuko pamoja. Nusu Kiswahili, nusu Kifaransa, na nusu ya tatu ni hewa. Bati langu linavuja. Mwenye nyumba alikuja, akatazama juu, akatikisa kichwa kwa huruma: "Papa, tuko ensemble." Akaenda zake. Jirani aliazima bidoni yangu ya kutekea maji ziwani. Tuko ensemble naye pia, bidoni haipo. Nimechunguza: mtu huyatamka maneno hayo akiwa keshageuza mguu kuondoka.

Ukilalamika, wazee wanakutajia "Article 15". Husimuliwa kwamba ilizaliwa Kasai Kusini ilipojitenga mwaka 1960: ibara isiyoandikwa popote, isemayo jitafutie mwenyewe. Hiyo naiheshimu. Haimwahidi mtu kitu.

Juzi nikaona nami nijaribu. Kijana alinisukumia gunia la makaa kwa chukudu, ile ya mbao ya magurudumu mawili, kupanda hadi kwangu. Tulipofika nikamshika bega: "Masta, tuko ensemble."

Akafuta jasho, akanitazama. "Ensemble ndiyo, papa. Lakini kwenye mulima nilikuwa mimi peke yangu."

Nikalipa, na ya soda nikaongeza.

Chakula hakinisumbui. Sambaza wa huku ni dagaa wa kwetu kabisa, walioletwa Ziwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Wamestawi vizuri, nadhani kwa sababu hakuna anayewalazimisha kuongea.

Ujumbe wa mchango wa harusi nimeupata, na ule wa kukumbushia, na ule wa kukumbushia ukumbusho. Mwambieni mwenyekiti wa kamati kwamba tuko ensemble. Atauliza maana yake. Msimwambie mpaka harusi ipite.

Mwanenu wa Mugunga