Sifa za Kii ya Magineti

Ng'ombe wa Waorma wamesifiwa, maembe ya Wapokomo yamesifiwa, na hata Mto Tana, unaotuingilia majumbani bila hodi, haukosi wa kuusifu. Lakini Garsen ina mheshimiwa ambaye hajapata hata ubeti mmoja: kii ya magineti. Ni kipande cha chuma chenye umbo la nusu mwezi, cha kupotea kwenye mkunjo wa kiganja. Hukaa kwenye mfuo wa krenki ya pikipiki kuukuu, chini ya gurudumu zito la sumaku, ndiyo magineti yenyewe, na kazi yake ni kuliambia gurudumu hilo likae wapi.

Msimcheke kwa kimo. Mwaka 1888 taasisi ya Franklin ya Philadelphia ilimtunuku W. N. Woodruff, Mmarekani wa Connecticut, nishani ya John Scott kwa kubuni nusu mwezi huyo. Pekueni gereji zote, kuanzia Garsen mjini hadi njia panda ya Minjila, mniletee kifaa kingine chenye nishani. Pistoni hana. Kabureta, pamoja na maringo yake yote, hana.

Na sisi watu wa Tana ndio tusiofaa kabisa kudharau chuma kidogo. Shujaa Fumo Liongo, ambaye kaburi lake huonyeshwa pande za Kipini, mto unapoingia baharini, alizishinda pingu na minyororo. Kilichommaliza, kwa mujibu wa simulizi, ni sindano ya shaba, tena ya kitovuni. Kii naye makao yake ni kitovuni mwa injini.

La kustaajabisha ni kwamba hafanyi kazi. Wengi hudhani yeye ndiye anayeizuia magineti isiteleze. Sivyo. Anayeshika ni mchongoko wa krenki, nati ikikazwa hadi vyuma viwili ving'ang'aniane. Kii huonyesha mahali tu, kisha hukaa. Ni cheo ambacho wengi tumekiomba bila kukipata: kusema "hapa" mara moja, halafu kubebwa na wengine maisha yote. Ukimtwika mzigo, kwa kuacha nati legevu au kupaka grisi mahali panapotaka ukavu, hagomi wala haandiki barua. Hukatika.

Hapo ndipo ukarimu wake huonekana. Chukua zile Yamaha na Suzuki za zamani, za injini ya kuchoma oili pamoja na petroli. Fundi mwenye haraka hana pula ya kung'olea, basi huing'oa magineti kwa nyundo. Hufungua sahani ya koili bila kuichora alama. Wakati wa kurudisha, kii huinuka kidogo kwenye mfuo wake; yeye hukaza hivyo hivyo. Krenki ikiwa na unene wa milimita 16, magineti iliyokaa kando kwa milimita moja tu huihamisha cheche kwa digrii saba na ushee. Utamu wa mambo ni kwamba cheche yenyewe haina kasoro. Kemu inayofungua pointi ili cheche iruke imo ndani ya magineti hiyo hiyo, kwa hiyo vyote vimehama pamoja bila kugombana. Laza plagi juu ya silinda, piga kiki: buluu safi! Kila mtu anafurahi isipokuwa injini.

Basi plagi mpya inanunuliwa. Kabureta inaoshwa. Koili inaagizwa Malindi, na muuza petroli anatuhumiwa kutia maji. Duka la spea linapata riziki, muuza kahawa anapata wateja, na watu ambao hawakuwa wakisalimiana wanajikuta wamechutama kivuli kimoja cha mwarobaini wakitoa ushauri. Mradi gani wa maendeleo umewahi kufanya hayo kwa gharama ya nusu mwezi mmoja? Kiki nayo hurudi kwa ghadhabu na kumpiga mwenyewe ugokoni, akamkumbuka Mola nje ya vipindi vyake. Na muda wa cheche ukipotea sana, injini ya aina hii huweza kuwaka ikizunguka kinyumenyume. Unatia gia ya kwanza kuelekea Hola, unajikuta umerudi kibandani kwa muuza chapati.

Kumwomba kii radhi kuna adabu zake. Pula itafutwe, hata kama ni ya kuazima. Mchongoko wa krenki na tundu la magineti vipanguswe kwa petroli hadi vikauke, na sumaku ikaguliwe ndani, maana huokota kila uchafu wa chuma. Kii mpya alazwe sawa mfuoni, kisha magineti isukumwe kwa mkono. Ikipepesuka inapozungushwa, mheshimiwa bado amenuna. Toa, anza upya. Akikubali, kaza nati. Pointi ziachane kwa milimita 0.3 hadi 0.4 zinapofunguka kabisa. Halafu sahani ya koili izungushwe kidogo kidogo hadi pointi zianze kuachana pistoni ikiwa imebakiza karibu milimita mbili kufika juu, au kama kitabu cha injini kinavyosema. Karatasi ya sigara ibanwe katikati ya pointi. Inapochomoka kwa kuvutwa taratibu, ndipo hapo.

Waliorithi pikipiki za Kiingereza, BSA na Triumph, wana mtihani wa ziada. Sumaku yao, ya kampuni ya Lucas, huzunguka ndani ya koili, nayo hutaka nafasi ya milimita 0.2 pande zote. Waingereza, kwa kuchoshwa na taa zilizozimika, walimbandika mwenye kampuni hiyo, Joseph Lucas, jina la Mkuu wa Giza. Kipimo cha chuma hudakwa na sumaku, kwa hiyo kata ukanda wa kopo la soda, ukunje uwe tabaka mbili, ndio uwe kipimo.

Wenye pikipiki mpya za Boxer wanaocheka wafungue kifuniko cha magineti. Hakuna pointi humo, lakini nusu mwezi yumo.

Akikuponyoka mchangani usihangaike na ungo. Ichukue magineti yenyewe, uipitishe juu ya mchanga. Itakuja na kii, misumari miwili ya paa, na nati moja ambayo fundi ataitazama kwa muda mrefu, akijaribu kukumbuka ilitoka kwenye pikipiki ya nani.