Yadi Tisa za Nani?

Shauri lilikuwa la nasaba, na mwamuzi alikuwa Futikamba, maana ndiye pekee ghalani aliyejua urefu wa kila mtu. Mmarekani akitaka kusema jambo limetolewa lote, lisibakizwe hata chembe, husema limetolewa yadi tisa nzima. Hizo ni mita 8 na ushei. Lakini yadi tisa za nini?

Mkanda wa Risasi alisimama kabla ya kuitwa.

"Zangu! Vita Kuu ya Pili, ndani ya ndege za kivita. Nilikuwa na futi 27. Rubani akinimaliza wote juu ya adui, alisema kampa yadi tisa nzima."

"Urefu wako ulitegemea ndege na bunduki," Futikamba akamjibu. "Kaa kwanza, mwanangu."

Lori la Zege akapiga honi. "Mzee, mimi nabeba yadi tisa za ujazo, na mwenye nyumba huzitaka zote!"

"Leo, sawa. Miaka ya 1960 wenzako wengi walibeba chini ya hapo. Umenenepa juzijuzi."

Kilti kutoka Uskoti akajikunjua kwa madaha, akaanza kutaja mababu zake mmoja mmoja. Alipofika kwa wa saba, Bibi Sari wa Maharashtra alishindwa kujizuia.

"Mie jina langu ni nauvari, yaani yadi tisa, na ndizo ninazovaliwa. Mbona sikufungua kesi?"

Hakuna aliyemjibu. Mwenye haki huwa hana kelele za kutosha kwenye vikao vya namna hii. Mpira wa futiboli ya Kimarekani naye alitaka kudai, ila akakumbuka kwamba kwao timu hupewa nafasi nne za kusogea yadi 10. Anayeishia ya tisa kashindwa.

Hapo ndipo lilipokohoa Gazeti la Mitchell Commercial, kutoka mji mdogo wa Mitchell, jimbo la Indiana.

"Wajukuu zangu, Mei 1907 nilitangaza mechi ya besiboli kati ya timu ya mji na wafanyabiashara. Nikawaonya wasomaji kwamba siahidi yadi tisa kamili. Mwaka uliofuata nikaandika juu ya mvuvi mwenye kisa kirefu, kwamba iko siku atamnasa mtu na kumtwisha yadi zote tisa."

Futikamba akamgeukia Mkanda. "Mwaka 1907 ndege yako ya kivita ilikuwa wapi?"

Mkanda akajiviringisha.

"Na bado," Gazeti likaendelea. "Mwaka 1912 mwenzangu wa Mount Vernon, Kentucky, aliandika yadi sita nzima. Mwaka 1921 gazeti la Spartanburg, South Carolina, likaweka sita hizohizo kwenye kichwa cha habari."

Ghala likazizima. Sita? Basi futi 27 za Mkanda na mababu wa Kilti vilikuwa vinatetea namba ambayo haikuwa imetulia. Fred Shapiro wa Chuo Kikuu cha Yale, aliyeuchunguza msemo huu, anaona namba ilipanda tu kama bei ya sukari, na haikupima kitu chochote.

Futikamba akaandika hukumu: madai yote yametupwa. Mwenye gazeti la kabla ya Mei 1907 lenye msemo huu kwa maana hii alilete, kesi ifunguliwe upya.