Namna ya Kuchunguza Seli kwa Hamira Ukiwa Garissa

Anza mwezi wa Machi. Watakaokushauri usubiri mvua ipoze mji wasikupotezee muda. Mchana wa Garissa hupita nyuzi 35 mara nyingi, na joto ambalo maabara za ng'ambo hulilipia umeme, wewe umepewa bure.

Alfajiri, kabla anjera haijamiminwa kikaangoni, mwombe mama kwa adabu: "Hooyo, naomba kijiko kimoja cha unga uliochacha." Zimua kwa maji, weka tone chini ya hadubini ya shule, ukuze mara 400. Utaona seli za hamira za mviringo, nyingine zimebeba vichipukizi ubavuni. Jiulize hapo hapo: seli inajuaje kwamba wakati wa kugawanyika umefika?

Jibu lilitoka kwa hamira nyingine, ya kwetu. Mwaka 1893 Mjerumani Paul Lindner aliitenga kutoka katika pombe ya nafaka ya Afrika Mashariki, ikaitwa Schizosaccharomyces pombe. Hooyo akishtushwa na jina, mhakikishie kwamba maabarani inalishwa ili ihesabiwe na kupimwa; hakuna anayeonja.

Seli yake ni kama kijiti. Hurefuka, na ikifika kimo chake hukatika katikati. Katika miaka ya 1970, Paul Nurse akiwa Edinburgh alikuta hamira zilizogawanyika mapema mno, zikiwa fupi. Kilichokosekana kilikuwa protini iitwayo Wee1. Hapa usiharakishe, maana ndipo penye utamu wote.

Protini inayosukuma seli igawanyike ni Cdc2. Wee1 huibandika fosfeti, chembe ndogo ya fosforasi na oksijeni, mahali pamoja tu. Cdc2 inakuwa ngamia aliyefungwa goti: mzima, mwenye nguvu, lakini haendi. Protini ya tatu, Cdc25, huibandua fosfeti hiyo, na seli inagawanyika. Cdc2 mpya haikuhitajika kuumbwa ili kumfungua ngamia. Mabadiliko madogo ya kikemia yametosha.

Sasa tumia jua lako. Zipo hamira za jamii hii ambazo Cdc25 yao hufanya kazi kwenye nyuzi 25 na kuharibika kwenye nyuzi 36. Zitunze chumba cha ndani usiku wa baridi, zitagawanyika. Zitoe nje, uziweke kivulini saa nane mchana, kipimajoto kando yake, nazo zitaacha kugawanyika huku zikiendelea kurefuka kupita kiasi. Zile zenye Wee1 inayoharibika kwa joto zitafanya kinyume: zitakatika zikiwa fupi. Pima urefu wa kila seli, andika saa na nyuzi. Usiziweke juu ya bati, zitakufa.

Jirani akikuuliza hamira itamsaidia nani, mjibu kwa mwaka 1987. Melanie Lee na Nurse waliingiza jeni za binadamu katika hamira ambayo Cdc2 yake ilikuwa na hitilafu, na jeni moja ikaifanya igawanyike tena. Mashine yetu na yake ni ile ile. Mwaka 2001 Nurse, Leland Hartwell na Tim Hunt walipata Tuzo ya Nobel kwa kazi ya namna hii. Mwaka 2015 Marekani iliidhinisha palbosiklibu, dawa ya saratani ya matiti inayozuia protini za ukoo wa Cdc2. Saratani ni seli zisizojua kusimama, na wagonjwa wake tunao hapa hapa Kaskazini Mashariki. Kwa hiyo kijiko kile cha unga si mchezo wa mtoto aliyekosa kazi.

Chuo Kikuu cha Garissa, chenye hati kamili tangu 2017, kinaweza kuagiza hamira hizi kutoka hifadhi za ng'ambo. Japani wanayo moja. Kiziagize. Na wewe mwalimu wa biolojia wa Garissa, Wajir au Mandera, kama hadubini ya shule imefungiwa kabatini isije ikaharibika, itoe wiki hii, uwape wanafunzi waishike kwa mikono yao.