Mhadhara wa Bingwa wa Mikanda kwa Wakazi wa Lemon Gaba

Waheshimiwa wakazi wa Lemon Gaba hapa Juba, mama zangu wenye watoto mapajani, nanyi vijana mlioegesha bodaboda pale bila kuzima injini: nyamazeni, elimu inapita. Anayesema nanyi ni Daktari Bingwa wa Sayansi ya Mikanda. Shahada nilijitunuku mwenyewe, maana hapakuwa na mtu wa kiwango cha kunitahini.

Mwaka 1959 mhandisi wa Volvo, Msweden Nils Bohlin, alibuni mkanda wa gari unaoshuka kutoka begani, ukakatiza kifua na kulala kwenye nyonga. Kampuni ikaruhusu viwanda vingine viutumie bure. Mimi cha bure hukitilia shaka. Mwaka 2004 waziri John Michuki akaulazimisha kwenye matatu za Kenya, nanyi mliorudi kutoka Kakuma na Nairobi mnaijua ile mikanda: imelowa jasho la watu, inakuachia mstari mweusi mshazari kwenye shati jeupe. Shati langu hili limepigwa pasi ya makaa. Hoja imekwisha hapo.

Sasa fizikia. Mabingwa wadogo wanadai gari la kilomita 50 kwa saa likigonga ukuta, asiyefunga mkanda ni sawa na aliyeanguka kutoka mita 10, yaani ghorofa ya tatu. Nimeirudia hesabu hiyo kwa kalamu nyekundu na, kwa bahati mbaya, jibu ni lilelile. Lakini jamani, Lemon Gaba ghorofa ziko ngapi? Hiyo ni hesabu ya miji mingine.

Wanasema pia mtoto wa kilo 10 aliyepakatwa, kwa kishindo hicho, huchomoka kwa nguvu ya kilo 200 au zaidi, kama mifuko minne ya saruji. Mama gani wa Juba ashindwe na mifuko minne? Hawajawaona wakitoka soko la Konyo Konyo! Ukiogopa, jifunge na mwanao mkanda mmoja. Wapo wanaonung'unika kwamba mtoto atabanwa kati ya mkanda na mwili wako. Mimi naita kubana matumizi.

Na hiki kiti cha mtoto? Masharti yake yanazidi ya posa! Kichanga kikae kimeangalia nyuma, kwa sababu kichwa ni kizito na shingo bado laini. Kisiwekwe mbele penye mfuko wa hewa, kwa sababu ukifumuka utakipiga kiti kwa nyuma. Jirani yangu aliletewa kimoja na shemeji yake wa Australia. Sasa kiko barazani, bibi anakikalia akichambua mboga ya kudra, na kiuno chake kimepona kabisa. Nani atasema hakina faida?

Gari likikupigia kelele ti-ti-ti, nunua ule ulimi wa chuma usio na mkanda, uchomeke. Gari litanyamaza likiamini umefunga. Kulidanganya gari ni kazi ya akili kubwa, ingawa sijaona anayeudanganya ukuta.

Halafu kuna hizi Haisi. Sisi hapa tunaendesha kulia, nyingi ziliundwa kwa nchi za kushoto, kwa hiyo mlango unafungukia katikati ya barabara, raksha, yaani bajaji, zinapopita. Ikiwa gari lenyewe linakushusha mbele ya gari jingine, mkanda unatafuta nini?

Maswali hayapokelewi, yananichanganya. Kesho alfajiri naelekea Nimule, kilomita 192, lami tupu, na mguu wangu hauko mwepesi. Mbele pana kiti kimoja, mtakaa watatu. Mwenye mtoto ampakate, simtozi nauli. Nyuma msiguse ule mkanda: nimefungia televisheni yangu mpya. Ile ni dhaifu, breki moja tu ya ghafla inapasuka.